Kibali ni Dhamana

Sherehe za wanafunzi zikiwadia katika vyuo vikuu vya hapa Eldoret, kuanzia Kesses hadi Chepkoilel, swali huzuka: je, pombe iruhusiwe? Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu leseni ya baa iliyo chini ya mita 300 kutoka taasisi za elimu, ila inazitaja zile za walio chini ya umri wa miaka 18. Wapo wanaokishikilia kifungu hicho na kudai kwamba chuo kikuu kimeachwa huru. La hasha! Kunyamaza kwa sheria si ruhusa. Leseni ingali lazima, na Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya kuitoa. Isitoshe, wamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasiotimiza miaka 18, nao huketi meza moja na wenzao.

Neno kibali ni ndugu ya kitenzi kukubali. Akitoaye hukubali pia dhamana. Basi wakuu wa chuo wasitie sahihi kabla ya kuelezwa ni nani atakayekagua vitambulisho, sherehe itafungwa saa ngapi, na nani atakayewajibika mambo yakiharibika. Asipopatikana mtu huyo, chai na soda zatosha.