Mashauri ya Nyumbani: Chanda Chema Huvikwa Pete



Tumepata barua ya mama mmoja wa upande wa Nyangwe. Jina lake hatulitaji, wala jina la binti yake, kwa maana aibu ya nyumba si mali ya gazeti. Lakini jambo lenyewe latufaa sote, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wasomaji wote.

Mama huyo atuambia kwamba binti yake anajiandaa kwa ndoa. Miezi michache iliyopita binti alinunua mjini vichupa vya rangi ya kucha ya jeli, pamoja na taa yake ndogo ya kuikaushia. Akajipaka mwenyewe nyumbani, akawapaka na rafiki zake wawili. Mara ya kwanza kucha ziling'aa kama kioo. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu, siku mbili baada ya kupaka, vidole vikaanza kuwasha, vikavimba, vikatoa malengelenge madogo, na kucha zikaanza kuachana na nyama. Kisha kope za macho nazo zikavimba. Rafiki zake, waliotumia kichupa kile kile, hawakupata neno.

Basi majirani wakaanza kunong'ona: "Kama ni rangi, mbona mara ya kwanza haikumdhuru? Tena kama ni rangi, mbona wenzake ni wazima?" Macho yakamgeukia shangazi wa binti, ambaye alikuwa amekosana na jamaa kwa ajili ya mahari. Sasa shangazi haingii tena katika nyumba ile, na mama atuuliza: "Je, mtoto wangu amerogwa?"

Hapana, mama, hakurogwa. Ugonjwa huo unajulikana, na madaktari wameuandika kwa dalili zile zile ulizotutajia. Maswali mawili ya majirani si ya kipumbavu, lakini yana majibu, wala majibu hayo hayapitii mlangoni kwa shangazi.

Rangi hiyo hufanyaje kazi?

Rangi ya kucha ya kawaida hukauka kwa hewa: kile kiyeyushi chake hupaa, nayo rangi hubaki. Jeli haikauki hivyo. Ndani yake mna vitu viitwavyo akrilati na methakrilati, navyo ni chembe ndogo mno, kila moja ikielea peke yake. Mwanga wa ile taa, wenye miale isiyoonekana kwa macho, ukiziangukia, chembe hizo hushikana moja kwa nyingine mpaka ziwe mnyororo mrefu na mgumu. Zikiisha kushikana zote, ni shida kwao kuingia mwilini. Hatari imo katika zile zilizobaki mbichi: zilizomwagika juu ya ngozi, au zilizobaki chini kwa sababu rangi ilipakwa nene, au taa haikuwa ya rangi ile, au betri yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Twajua jinsi umeme ulivyo haba katika vijiji vyetu. Taa dhaifu yaweza kuonekana imefanya kazi, kumbe juu ni pagumu na chini ni pabichi.

Chembe mbichi hupenya ngozi. Sasa mwili wa mtu una walinzi wake, kama kijiji kilivyo na walinzi wa usiku. Mgeni akija mara ya kwanza, walinzi humtazama tu. Lakini katika miili ya watu fulani, walinzi huikariri sura ya mgeni huyo na kumhesabu kuwa adui. Siku akirudi ndipo vita vinapoanza, na uwanja wa vita ni ngozi. Hali hiyo twaiita mzio, au aleji kama wasemavyo wengi. Kwa wengine huja baada ya majuma machache, kwa wengine baada ya miezi, kwa wengine baada ya miaka ya kujipaka bila neno lo lote.

Basi hilo ndilo jibu la swali la kwanza: mara za mwanzo mwili ulikuwa ukijifunza, na mara ya tatu ukapigana. Na jibu la pili ni hili: walinzi wa mwili mmoja si walinzi wa mwingine. Ndugu wawili hula samaki katika sahani moja. Mmoja hulala usingizi, mwingine hujikuna usiku kucha. Je, nani aliyemroga huyo wa pili?

Na kope za macho? Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, na mkono wa mtu hugusa uso mara nyingi asizozijua. Chembe kidogo tu hutosha.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu

Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Uingereza waliwaonya watu wa nchi yao juu ya mzio huo huo. Walipowapima wagonjwa waliofika katika zahanati zao za ngozi, kiasi cha asilimia 2.4 walikuwa na mzio wa methakrilati moja au zaidi, na karibu wote walikuwa wanawake. Waliwaonya hasa wale wanaojipaka wenyewe nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya zikaamuru kwamba chembe iitwayo HEMA, ambayo ni adui mkubwa katika jambo hili, itumiwe na mafundi waliofundishwa tu. Tena tangu tarehe 1 Septemba 2025 nchi hizo zimekataza kabisa kitu kingine cha jeli kiitwacho TPO, si kwa sababu ya mzio, bali kwa sababu kilionekana kudhuru nguvu ya uzazi katika wanyama waliojaribiwa. Kichupa kinachofika sokoni kwetu bila karatasi ya maelezo, nani ajuaye kina nini ndani yake?

Lakini neno zito kuliko yote ni hili: mzio huo ukiisha kuingia, kwa kawaida hautoki maisha yote. Na akrilati haziko katika rangi ya kucha tu. Madaktari wa meno huzitumia kuzibia meno. Madaktari wa mifupa huzitumia kama saruji ya kushikizia kiungo bandia. Vifaa vinavyobandikwa mwilini kupima sukari ya damu mara nyingi vina gundi ya namna hiyo. Kwa hiyo binti huyu, hata akiwa bibi kizee, hana budi kumwambia kila daktari na kila mtu wa meno: "Mimi nina mzio wa akrilati." Anaweza kulipia kung'aa kwa majuma mawili kwa tahadhari ya miaka 50.

Afanye nini sasa?

Kwanza, asijipake tena jeli hiyo, wala ya rangi nyingine, wala kucha bandia za unga na maji. Glovu nyembamba za mpira hazimkingi, kwa maana chembe hizo huzipenya kwa dakika chache.

Pili, jeli iliyobaki isibanduliwe kwa kisu wala kwa meno, kwa sababu hutoka pamoja na matabaka ya ukucha. Huondolewa kwa pamba iliyoloweshwa asetoni, ikafungwa juu ya ukucha dakika 10 hadi 15, kisha jeli husukumwa polepole. Asetoni hushika moto upesi sana. Isifunguliwe karibu na jiko la makaa, mshumaa au kibatari. Ikiwa ngozi imepasuka, itachoma vibaya. Afadhali kwenda kwanza kituo cha afya.

Tatu, muuguzi au daktari ampe dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Tusinunue mirija ya dawa sokoni kwa kubahatisha. Nyingi ni zile zile zinazotumiwa na watu kujichubua, nazo zikitumiwa bila kipimo huharibu ngozi. Ikiwa kuna usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda mkononi, aende hospitali ya Kasongo bila kukawia.

Nne, awe na saburi. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hata ukucha mzima wahitaji miezi 4 hadi 6 kurudi. Wa mguu huhitaji mwaka mmoja au zaidi.

Kuzitunza kucha bila chupa

Kina mama wa Nyangwe ni watu wa kazi tangu zamani. Livingstone alipofika huko mwaka 1871 alistaajabia soko lao, lililokusanya watu maelfu, wengi wao wanawake wenye mizigo. Mikono hiyo hata leo hulowesha mihogo, hutwanga, hufua, hupika na kuwalisha watoto. Yafaa itunzwe.

Kata kucha fupi baada ya kuoga, zikiwa laini. Za miguu zikate sawasawa, usizizungushe pembeni, zisije zikaingia nyamani. Ile ngozi nyembamba iliyo shinani mwa ukucha usiikate kamwe, kwa kuwa ndiyo mlango unaozuia maji na uchafu. Mama anayeshinda na mikono ndani ya maji ya mihogo au ya sabuni hulegeza mlango huo, na shina la ukucha huvimba na kuuma. Dawa yake ya kwanza ni kukausha mikono vizuri kila mara, na jioni kupaka mafuta kidogo, ya mawese au vazilini. Uvimbe ukianza, loweka kidole katika maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku. Usaha ukionekana, nenda kituo cha afya.

Kila mtu awe na wembe wake au mkasi wake. Chombo kinachokata kidole cha huyu na kidole cha yule chaweza kupeleka ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI. Na wale wanaobandika kucha bandia kwa gundi ya kutengenezea viatu na vyombo wajue kwamba gundi hiyo nayo yaweza kuleta mzio, tena ikidondokea pamba hupata moto na kuunguza.

Wengine watasema: "Basi tutatumia hina." Hina safi, ile ya majani yaliyosagwa, huacha rangi ya kahawia nyekundu, na ni mara chache kumdhuru mtu mzima. Lakini tusiwapake watoto wachanga, kwa kuwa wako wenye upungufu fulani wa damu wa kuzaliwa nao, na hina yaweza kuvunja chembe zao za damu. Na ile nyeusi, ambayo watu wa pwani huiita piko, si hina. Mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, nayo huleta malengelenge, makovu, na mzio wa maisha kama ule wa jeli.

Tena tusisahau kwamba ukucha mtupu husema. Muuguzi huutazama ili aone kama mama mjamzito ana upungufu wa damu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya damu chaweza kudanganywa na rangi. Mstari mweusi mpya katika ukucha mmoja, unaopanuka au kuvuka mpaka kwenye ngozi, wahitaji kuonyeshwa kwa daktari upesi. Mwanamke anayekwenda kujifungua au kupasuliwa na aende na kucha zake wazi.

Binti zetu wasituelewe vibaya. Kupenda kupendeza siku ya arusi si kosa. Rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa ipo, nayo humdhuru mtu mara chache zaidi, ingawa yeye mwenye mzio aulize daktari kwanza.

Na sasa neno kwako, mama uliyetuandikia. Vidole vya binti yako vitapona kwa majuma machache akiiacha jeli, na pete haisubiri ukucha. Chanda chema huvikwa pete, na wema wa chanda hautoki katika kichupa. Lakini kuna kidonda kingine ambacho daktari hana dawa yake. Shangazi amesingiziwa jambo asilolitenda. Kesho asubuhi mpelekee gazeti hili, au mtume mtoto amsomee. Habari ya mahari mtaizungumza wakati wake. Hii ya uchawi iishe leo. Mwombe radhi mbele ya majirani wale wale walionong'ona, kisha mwite aje amwandae mwari wake, maana arusi isiyo na shangazi haikamiliki.