Kisii Kuna Nani Wetu?

Binti wa watu, mwenye shahada ya uzamifu katika elimu ya mimea, amekaa nyumbani mwaka wa pili akingojea barua ya ajira. Alipotaja Chuo Kikuu cha Kisii, babake alimuuliza swali moja tu: "Kisii kuna nani wetu?"

Swali hilo hatulibezi. Kutoka Mombasa hadi Kisii ni takriban kilomita 800, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe atalala wapi na atasali wapi. Msikiti upo mjini, na Wanubi, Waislamu wenzetu, wameishi huko tangu enzi za mkoloni. Hilo lina jibu.

Linalotutia shaka zaidi ni kile kungojea. Wazazi wengi tunaowajua hutazamia tangazo la gazetini na kazi ya kudumu. Chuo cha Kisii kilianza 1965 kikiwafunza walimu wa shule za msingi, na kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2013. Vyuo vya umma vina ukata. Migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025 sote tuliisikia. Nafasi ya mtafiti aliyemaliza uzamifu, aghalabu, haitoki katika bajeti ya idara. Hutoka katika mradi: profesa hupata ruzuku, na ndani yake huwamo fungu la kumlipa mtafiti kwa miaka miwili au mitatu. Ruzuku ikiisha, na kazi imekwisha. Basi mtafutaji asianzie ofisi ya ajira. Na azisome makala za profesa, kisha amwandikie waraka mfupi: nimetafiti hili, nataka kulifuata swali hili, mradi wako una nafasi?

Na maswali huko ni tele. Kuna migomba na wimbi, chai ya Nyamira, mawe laini ya Tabaka yachongwayo vinyago, na malaria ya nyanda za juu iliyowazukia watu kwa ghafla miaka ya 1990. Hilo la mwisho latugusa sisi wa pwani, kwani Kilifi pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989. Aliyefundwa pale ana cha kupeleka Kisii. Kwa fedha, upo Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na lipo shirika la AWARD la Nairobi, lililoanzishwa 2008 kuwainua wanawake Waafrika katika utafiti wa kilimo. Binti yetu wa mimea asilipite hilo.

Waliosomea Sudan, Uturuki au Malaysia wana kazi ya ziada: shahada zao zitambuliwe kwanza na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Shughuli hiyo ifanywe sasa, si siku ya usaili. Naye atakayedaiwa pesa ili apewe kazi, ajue amekutana na tapeli.

Babake yule binti ameanza kulegea. Ameweka sharti moja, apatikane mwenyeji wa kuaminika wa kumpokea mwanawe miezi ya mwanzo. Tumo katika kuuliza. Mama yeyote mwenye jamaa Kisii au Nyamira na atupashe habari baada ya darsa la Jumamosi.