Saa ya Kompyuta na Siri ya Mgonjwa

Katika hospitali nyingi, faili la mgonjwa limekwisha kuhama kutoka kabatini na kuingia katika kompyuta. Kabati lililindwa kwa ufunguo. Kompyuta hulindwa kwa nywila na kwa kumbukumbu inayoonyesha ni nani aliyeingia katika mfumo, na wakati gani. Kumbukumbu hiyo ndiyo shahidi mgonjwa anapouliza ni nani aliyesoma majibu yake ya VVU.

Shahidi huyo ana kasoro. Mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Hesabu ikihifadhiwa kwa biti 32, kwa kawaida haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye, tarehe itasomeka 13 Desemba 1901.

Wapo wasemao kwamba kompyuta za sasa ni za biti 64, hivyo hakuna la kuhofia. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Katika mifumo mingi ya Linux ya biti 64, mafaili ya kumbukumbu za kuingia yaliachiwa nafasi ya biti 32 kwa ajili ya tarehe, ili programu za zamani ziendelee kuyasoma. Daftari ni jipya, lakini safu ya tarehe ni ile ile finyu.

Kosa la tarehe si jambo dogo katika tiba. Mwaka 2000, huko Sheffield, Uingereza, kompyuta ya maabara ilikosea kukokotoa umri wa wajawazito baada ya mwaka kubadilika. Zaidi ya wanawake 150 walipewa majibu yasiyo sahihi ya kipimo cha hatari ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Down.

Dawa ipo. Programu kama wtmpdb na lastlog2 huhifadhi wakati kwa biti 64. Kinachohitajika ni uamuzi wa viongozi wa hospitali: mkataba wa ununuzi udai uthibitisho kwamba mfumo utavuka mwaka 2038, na mafundi waujaribu kwenye nakala, kamwe si kwenye seva inayohudumia wagonjwa. Seva inayonunuliwa leo inaweza kuwa bado kazini siku hiyo. Mgonjwa aliyetoa siri yake kwa kuamini ana haki ya kukuta ushahidi ulio sahihi.