MAONI: FENI YA GARI LA KAZI SI ANASA



Katika mkutano wa tawi letu uliopita dereva mwenzetu mmoja aliomba jambo la feni ya gari liingizwe katika ajenda. Watu walicheka. Mmoja akapaza sauti: "Ndugu, sisi wakata miwa tunaungua juani, wewe wataka upepo wa baridi!" Nami nilicheka pamoja nao, na nilipofika nyumbani nikaona haya.

Mimi ni dereva wa shamba la miwa huku Uganda. Gari langu ni pikapu kuukuu. Wakati wa mvua, alfajiri, kioo cha mbele hufunikwa na ukungu kwa ndani, kwa kuwa pumzi zetu zina unyevu na kioo ni baridi. Dawa yake ni ile feni iliyo ndani ya dashibodi, ambayo mafundi huiita bloa. Feni hiyo moja ndiyo inayosukuma upepo wa kiyoyozi, upepo wa joto na upepo wa kufuta kioo. Ikifa hiyo, vyote vitatu vimekufa.

Yangu ilikufa mwaka jana. Nikawa naendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nafuta kioo kwa kitambaa. Asubuhi moja nikawaona wakata miwa wakiwa hatua chache tu mbele ya bampa. Nilikata usukani nikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mapanga yalitapakaa njiani, na mama mmoja alikaa chini akalia.

Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza wakuu wa karakana mara mbili. Jibu lao: feni ni starehe, fungua dirisha. Nifungue dirisha mvua ikinyesha, au trekta la kunyunyiza dawa likipita kando!

Baada ya siku ile nilifanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nilinunua mota kwa fedha yangu. Mwenzangu wa gari la pili alipata hasara kubwa zaidi. Feni yake ilizunguka kwenye namba ya juu peke yake, namba nyingine kimya. Akauziwa mota mpya, akaifunga, mambo yakawa yale yale. Kumbe kilichoungua ni rezista, kidude kidogo kinachopunguza mwendo wa feni.

Kwa hiyo, madereva, tujue kidogo kazi hii, tusidanganywe dukani wala karakana. Kwanza tazama fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa soketi ya mota, uipe mota umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi yake. Ikizunguka vizuri, mota haina kosa; tafuta kwenye rezista, swichi au waya. Ikikataa, lakini ikaamka ukiigonga kidogo, kaboni zake zimelika, nayo inakaribia mwisho. Kuibadilisha si kazi kubwa. Katika magari mengi ya zamani iko upande wa abiria, nyuma ya kile kidroo cha dashibodi. Ondoa waya wa hasi wa betri, toa kidroo, chomoa soketi, fungua skrubu, nayo itashuka na gurudumu lake la mapezi. Safisha majani na vumbi, linganisha mpya na ya zamani, na soketi ikiwa imeyeyuka ibadilishwe pia. Wala usitie fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Gari litawaka moto.

Lakini kujua kazi si kusema tuilipie. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuingiza miongoni mwa mikataba ya msingi. Huku kwetu iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kioo kisichoonyesha njia si jambo la starehe.

Wako wanaosema: heri kutoa fedha kidogo kuliko kugombana na mkubwa na kupoteza kazi. Nawaelewa, nina watoto. Ila kila tunaponunua sisi, karakana huandika kwamba gari ni zima, na mwaka ujao hakuna fedha inayotengwa. Tunaficha ubovu kwa mishahara yetu wenyewe. Na siku ile dereva asipokuwa na fedha, atakayegongwa ni mkata miwa, yule yule aliyetucheka mkutanoni.

Sasa madereva wa tawi letu tumekubaliana hivi: kila hitilafu iandikwe katika daftari la gari, na tarehe, na kilichopimwa, na sahihi ya mpokeaji. Nakala huenda kwa katibu wa tawi. Gari la mwenzetu yule aliyeomba ajenda liliandikwa Jumatatu. Alhamisi karakana walileta mota. Risiti yangu ya mwaka jana nayo nimeikabidhi kwa katibu, nasubiri jibu.

Dereva, Uganda