Kabla ya Jezi Mpya, Nani Atalipa Mguu wa Beki?

Hapa Kagera jina la Kiwanuka halihitaji maelezo kwa mwenye mvi. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, akashindwa kwenye uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo, na baadaye akawa Jaji Mkuu. Septemba 1972 aliamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na wanajeshi, kwa hoja kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata watu. Tarehe 21 ya mwezi uleule askari wa Idi Amin wakamfuata palepale Mahakama Kuu, Kampala, wakaondoka naye, asionekane tena. Miaka sita baadaye majeshi ya Amin huyohuyo yakaingia kwetu, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Kwa hiyo wazee wa huku wanamjua.

Ambaye hawamjui ni mjukuu wake. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983, na riziki yake aliipata kwa kuangusha watu. Kwa misimu tisa, kuanzia 2006 hadi 2014, alikuwa mlinzi wa New York Giants katika ule mpira wa Kimarekani unaoshikwa kwa mikono.

Nilipowasimulia vijana wangu baada ya mazoezi, mmoja akauliza: "Kocha, huyo anafunga mangapi?" Nikamwambia hafungi, kazi yake ni kuzuia. Akaguna, akarudi kwenye simu yake.

Sikushangaa. Nimecheza namba tano kwa miaka mingi katika viwanja vya hapa Kihanga, Karagwe na Kyerwa, siku hizi nalima kahawa na jioni nashika filimbi. Beki wa kwetu hukumbukwa siku aliyokosea tu. Mshambuliaji akikosa mabao manne akafunga la tano, anabebwa mabegani. Beki akiokoa manne, la tano likapita katikati ya miguu yake, huyo atapewa jina la utani litakalomfuata hadi kwenye mahari.

Mathias naye yalimpata. Novemba 2006, akiwa bado mgeni kwenye ligi, Giants waliongoza 21 kwa 0 dhidi ya Tennessee Titans hadi robo ya mwisho, kisha wakaanza kurudishiwa. Katika mchezo ule timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Titans walikuwa wamebaki na nafasi moja na yadi zote 10 zikiwasubiri. Mathias akamkumbatia mpanga mchezo wao, Vince Young, kwa mikono miwili, kazi imekwisha. Mara akamwachia! Alidhani mpira umeshatoka, akaogopa adhabu ya kumwangusha mtu asiye na mpira. Young akatimka yadi 19, Titans wakasawazisha, mwishowe wakashinda 24 kwa 21. Mpaka leo ukimtaja kwa mashabiki wa Giants, wapo watakaoanza na tukio hilo.

Lakini tazama kinachowekwa kwenye daftari lake pamoja na tukio hilo. Kila beki wa kule anayemwangusha mpanga mchezo kabla hajaachia mpira huandikiwa. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja anapewa nusu. Ndiyo maana hesabu ya Mathias kwenye ligi inasomeka 38.5. Hebu fikiria, hata nusu ya kazi ya beki imehifadhiwa! Kwetu mashindano yanaisha, mfungaji bora anapewa mpira na picha na mgeni rasmi, na beki anarudi nyumbani kutoa mwiba mguuni.

Hata hivyo, daftari si ugomvi wangu wa leo. Ugomvi wangu ni mifupa.

Novemba 2007, kwenye mechi dhidi ya Detroit, Mathias alivunjika mguu. Msimu ukaishia hapo kwake. Wenzake wakaendelea hadi fainali, Super Bowl ya Februari 2008, wakawafunga New England Patriots 17 kwa 14 yeye akiwa nje. Msimu uliofuata alikuwa uwanjani tena, tena wakamrudisha kwenye nafasi yake ya zamani, pembeni ya mstari wa mbele wa ulinzi, kwa sababu kati ya wenzake wa nafasi hiyo, Michael Strahan alikuwa amestaafu na Osi Umenyiora ameumia goti. Mwaka 2010, baada ya mechi tatu tu, likaja tatizo la diski ya shingo. Shingo, ndugu msomaji! Akakaa nje msimu mzima uliobaki. Mwaka 2011 akarudi, safari hii wakamweka nyuma ya mstari. Februari 2012 akacheza fainali nyingine dhidi ya Patriots walewale, katika mji ule aliozaliwa, Indianapolis, na Giants wakashinda 21 kwa 17.

Mtu aliyevunjika mguu na kuharibika shingo amecheza fainali. Sikatai kwamba ana moyo. Lakini moyo haupigi eksirei. Mguu ule ulipigwa picha, ukatibiwa na madaktari wa mifupa, ukarudishwa taratibu na wataalamu wa viungo, na yeye hakutoa senti mfukoni ili ahudumiwe. Ligi ile ina chama cha wachezaji chenye nguvu, na matibabu ya aliyeumia kazini yamo kwenye makubaliano yao.

Si kwamba Marekani ni peponi. Ligi hiyohiyo kwa miaka mingi ilikana kwamba kugongana vichwa kunaharibu ubongo, hata baada ya daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, kupasua ubongo wa mchezaji marehemu Mike Webster mwaka 2002 na kuonyesha kilichomo. Na Mathias mwenyewe aliachwa na Giants mwaka 2015, biashara ni biashara. Ila kule wachezaji walijua pa kupeleka madai yao. Beki wa Kihanga apeleke kwa nani, na wapi?

Namzungumzia kijana niliyemfundisha mwenyewe, jina lake naliacha. Alikuwa namba nne, mrefu, mtulivu, anasoma mchezo kabla haujafika. Kwenye mashindano ya kombe la mbuzi alikwenda na mshambuliaji mpira wa chini, tukasikia mlio hata sisi wa pembeni. Tulimfunga banzi la mti na kanga ya mama mmoja aliyekuwa anauza karanga, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mwandaaji alikuwa ameshatangaza mapumziko mafupi, mechi ikaendelea. Wachezaji tulichanga fedha ya mafuta. Familia ikaona hospitali ni gharama, ikampeleka kwa mtaalamu wa mifupa wa kienyeji. Leo anatembea, mguu mmoja umepinda, na debe la kahawa halibebi. Mbuzi aliliwa jioni ileile.

Kila msimu kombe jipya linakuja na jina la mkubwa fulani. Jezi zipo, zina picha yake kifuani. Spika zipo, mshereheshaji yupo, mbuzi yupo, wakati mwingine ng'ombe. Bima je? Kwa miaka kadhaa bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa inachukua shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bunge limeshapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, mwaka 2023. Seti moja ya jezi ingewalipia vijana wangapi? Mwandaaji anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, ila kadi ya bima haina mahali pa kubandika sura ya mtu.

Wapo wanaosema ndondo ni burudani, aingiaye kaingia kwa hiari. Mwandaaji hasemi hivyo anapowaita wananchi kwa spika, anapomkaribisha mgeni rasmi na kuomba kura. Ukipata faida ya mwili wa kijana kwa dakika 90, mwili huo una haki juu yako ukivunjika. Na wengi niliowaona wakivunjika ni hawa wa nyuma, maana ndio tunaowapigia kelele "lala chini!" mshambuliaji anapobaki peke yake na kipa.

Wengine watasikia habari za Mathias na kuanza kumwita damu yetu, mtoto wa Afrika Mashariki. Tumpongeze, ndiyo, lakini tusijipe sifa: mwenye jina kubwa lililompa heshima aliuawa hukuhuku, na mguu wa Mathias uliungwa kule.

Ombi langu ni fupi. Vyama vya mpira vya wilaya, Karagwe na Kyerwa, visitoe kibali cha kombe lolote hadi mwandaaji aonyeshe mambo matatu: bima ya kila mchezaji aliyesajiliwa, mtu wa huduma ya kwanza pembeni ya uwanja, na gari la kumpeleka majeruhi hospitali. Na wewe mzazi, mwanao akikuletea habari kwamba amepewa jezi, muulize aliyempa nani atalipa akiumia. Asipokuwa na jibu, mrudishie jezi yake.