UKURASA WA VIJANA: Staji yangu na deni la mama wa ndakala

Wengi mnauliza staji inafaa nini, maana stajeri halipwi, na mara nyingi anatumwa kununua mikate. Mimi nilifanya yangu hapa Uvira mwaka 2023, miezi mitatu, katika kutengeneza programu za ordinateri. Kutumwa nilitumwa, sikatai. Lakini kuna siku moja iliyonifundisha kuliko mwaka mzima wa masomo.

Tulipewa kazi ya kutengeneza programu ya kikundi kimoja cha akiba na mikopo. Hapa kwetu, kama kwenu machimboni, mtu anakopa dola na kulipa faranga. Basi nikaweka mahali pamoja tu pa kuandikia bei ya dola. Karani anaandika bei ya leo, programu inahesabu yote. Tukaingiza humo madaftari tangu mwanzo wa mwaka. Nilijiona fundi kabisa.

Mwezi wa nane akafika mama mmoja wa Kalundu, muuza ndakala. Ordinateri ilisema angali na deni la dola 20. Mama akatoa daftari lake lenye muhuri.

"Mutoto yangu, hii deni nilishamaliza. Angalia mwenyewe."

Alisema kweli. Alikopa dola 100, na mwezi wa kwanza akarudisha faranga 200.000, wakati dola moja ilikuwa karibu faranga 2.000. Mwezi wa nane dola ilikaribia 2.500. Programu yangu ikazigawa zile faranga za zamani kwa bei mpya, ikapata dola 80. Ni kama mnunuzi wa dhahabu pale Misisi akurudie leo, bei imeshuka, adai gramu uliyomuuzia mwezi jana ihesabiwe upya! Nani atakubali?

Dawa haikuwa ngumu: kila malipo yaandikwe pamoja na bei ya siku yake, na bei ile isiguswe tena. Kazi yenyewe ilikuwa kabla ya hapo, kukaa na karani na kumuuliza watu wanalipaje. Hiyo sikuifanya, nilikimbilia mashini. Msimamizi wetu hakunigombeza. Alinipa madaftari ya zamani, akasema kila hesabu ya programu niilinganishe kwanza na karatasi.

Nilijifunza na mengine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na hapa unakatika kweli, ndipo unajua faida ya Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005: inatunza kila hatua uliyoiweka, nawe unaweza kurudia ile ya jana.

Kesho yake nikatumwa Kalundu, mimi mwenyewe, kuomba msamaha. Mama alikuwa anaanika ndakala. Akacheka, akanipa kiti. Halafu akauliza:

"Na wale wenye hawajui kusoma, mulishawaangalia?"

Nikarudi ofisini, tukafungua madaftari yote. Tulipata wengine wanne.