Kikapu kimeonyesha mpaka upi uko wazi

Msimu wa 5 wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ulimalizika Juni 14, 2025 mjini Pretoria, na kombe likaenda Libya kwa Al Ahli Tripoli. Katika Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, habari kubwa ilikuwa nyingine. APR, bingwa wa Rwanda, ilikuwa imeshika nafasi ya 3. Timu ya Rwanda haikuwahi kufika hapo. Patriots iliishia ya 4 mwaka 2021, na REG ikatolewa robo fainali mwaka uliofuata.

Msimu wa shabiki wa Biryogo una mafunzo kwa kila anayeishi kwa kuvusha mizigo mpakani. Kuanzia Mei 17 hadi 25, kundi la Nile lilichezwa BK Arena huko Remera, ukumbi unaochukua watu 10,000. APR ilicheza mechi 6 ndani ya siku 9. Mwenye duka la vitambaa au vipuri anayeipenda timu hiyo alilazimika kufunga mapema, kupanda pikipiki hadi upande wa pili wa mji, kurudi usiku na kufungua tena asubuhi. Mchujo ulipohamia Pretoria, alifuata kwenye runinga. Saa ya Pretoria na ya Kigali ni moja, kwa hiyo hakupoteza usingizi. Mchujo wenyewe ulianza Juni 6, siku ya Idd el-Hajj. APR ilipofungwa na Al Ahli Tripoli kwenye nusu fainali, huzuni haikudumu, kwani iliwapiga Al Ahly wa Misri na kuchukua nafasi ya 3.

Hiyo ni furaha ya mchezo, lakini ina hesabu yake ya biashara. Usiku wa mechi huuza chai, mishikaki, sambusa, jezi, safari za pikipiki na vyumba vya kulala wageni. Barabara za Biryogo zilizofungiwa magari tangu 2021, wenye migahawa wakatoa meza nje, ni mahali ambapo mgeni aliyekuja kwa mpira huacha fedha zake. Na mwaka 2025 wageni walikuwa na sababu ya kuja: Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ilikuwa katika kundi hilohilo la Kigali. Haikufika Pretoria, lakini kwa mara ya kwanza Mkenya alikuwa na timu ya nyumbani ya kuifuata hadi Remera.

Mkenya huyo hakuhitaji pasipoti. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Shabiki na mfanyabiashara hupanda basi moja, husimama foleni moja Gatuna na huonyesha kadi ya aina moja. Sera ikifanya kazi, haiulizi kama mtu amebeba jezi ya timu au marobota ya vitenge.

Sasa tazama upande wa kusini. Machi 2024, Dynamo ya Bujumbura ilikwenda Pretoria kucheza BAL. Jezi za ligi zilikuwa na maandishi ya mdhamini, tangazo la utalii wa Rwanda. Dynamo ilicheza mechi ya kwanza ikiwa imeziba maandishi hayo, na ikashinda. Baada ya hapo haikukubali kuvaa jezi kama kanuni zilivyotaka, ikapoteza mechi mbili bila kucheza, kisha ikaondolewa mashindanoni. Wachezaji walirudi nyumbani kwa ugomvi ambao hawakuuanzisha. Mashabiki wa Bujumbura waliosubiri msimu mzima walipata mechi moja tu.

Miezi miwili kabla ya hapo, Januari 2024, Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda. Hadi leo umefungwa. Ruhwa, Akanyaru na Nemba, vituo ambavyo mchuuzi alivuka asubuhi na kurudi jioni, havipitishi mzigo wake. Anayetaka kutoka Bujumbura hadi Kigali kwa barabara huzunguka Tanzania, akaingia kwa Kobero na Kabanga, kisha akatokea Rusumo. Mwenye lori anaweza kulipia mzunguko huo. Mama mwenye magunia mawili ya ndagala hawezi, maana nauli itakula faida kabla hajafika sokoni. Vivyo hivyo shabiki wa Bujumbura: Kigali ni safari ya saa chache kwa barabara, lakini BK Arena ya Mei imekuwa mbali naye kama Dakar.

Yaliyotokea Gatuna hayajasahaulika. Mpaka ule ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Karibu miaka 3. Walioishi kwa mpaka huo wanajua kwamba geti likifunguliwa, mteja hayupo pale ulipomwacha. Amepata muuzaji mwingine, amezoea bidhaa nyingine, au ameacha kabisa. Deni lililokuwa upande wa pili limekuwa hadithi. Serikali hupatana kwa siku moja ya kutia saini, lakini soko huchukua miaka kupatana.

Wapo watakaosema kwamba serikali ina wajibu wa kulinda usalama wake, na kwamba jezi na ndagala si hoja mbele ya usalama. Wajibu huo upo na hakuna anayeukataa. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, imekwisha kulifikiria jambo hili. Inaruhusu nchi kuweka vizuizi kwa ajili ya usalama, utulivu au afya ya umma, na inaitaka nchi inayoweka kizuizi iwaarifu wenzake. Maana yake ni kwamba kizuizi ni jambo la kuelezwa na kujadiliwa. Hakikukusudiwa kuwa kufuli la miaka bila tarehe ya kulitazama upya.

Kwa hiyo mambo matatu yanatakiwa. La kwanza, mawaziri wa Jumuiya wakubaliane kwamba mpaka wowote unapofungwa, tarehe ya kuutazama upya itangazwe siku hiyohiyo, ili mfanyabiashara ajue asubiri au auze akiba yake. La pili, ibaki njia ya mtu mdogo: mwenye kitambulisho na mzigo usiozidi dola 2,000, kiwango kilekile ambacho mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya hukipitisha kwa cheti cha mpakani bila ushuru kwa bidhaa za ukanda huu zilizomo kwenye orodha. Mtu huyo akaguliwe apendavyo mkaguzi, lakini apite. La tatu linawahusu wenye ligi. Mambo ya mdhamini na jezi yamalizwe mezani kabla timu hazijapanda ndege. Klabu iambiwe mapema nini itavaa, na kama kuna ugomvi wa serikali mbili, utafutiwe dawa mapema. Kumwachia mchezaji ajibu swali la wakubwa siku ya mechi ni kumwonea.

Wafanyabiashara nao wana la kufanya. Kalenda ya BAL hutolewa mapema, na tarehe za Kigali ni tarehe za soko kama zilivyo siku za gulio. Vyama vya wachuuzi wa Gatuna na Rusumo viipange mizigo yao kwa kalenda hiyo. Wakumbuke pia tofauti ya saa moja kati ya Kigali na Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, maana wengi wameachwa na basi kwa sababu hiyo tu.

City Oilers ya Uganda ilifika BAL mwaka 2023, Dynamo 2024, Nairobi City Thunder 2025. Hadi msimu huo wa 2025, Tanzania ilikuwa bado inasubiri zamu yake. Kila mwaka jirani mmoja zaidi ana timu ya kufuata, na kila timu huja na watu wanaokula, wanaolala na wanaonunua. Biryogo ina meza za kuwatosha wote. Bujumbura na Gitega zizungumze na Kigali, na tarehe ya kufunguliwa kwa Akanyaru ijulikane kabla ya ratiba ya msimu ujao kutolewa.